Vifuu Mia Mbili na Arobaini

Jumatano, 2 Januari 1935 (Ramadhani 26)

Nimerudi kutoka Misugusugu na madebe mawili ya mafuta ya nazi. Mpira wa nyuma wa baiskeli umepasuka zikiwa zimebaki maili nne, tena kwa kishindo. Nimeisukuma mlimani, mtu mzima mwenye swaumu, kama napeleka ng'ombe mgonjwa. Shemeji Mashaka ndiye aliyenikamulia mafuta. Kipande cha mpira cha kuzibia hakunipa.

Kufika tu, Bwana Twalibu ananiita. Huyu ndiye mwenye yale maduka matano ya safu moja hapa Kisarawe, na taa za sikukuu za safu hiyo ni zangu tangu 1928. Akanieleza kwa upole wa mtu aliyekwisha kuamua. Kwamba Idi iliyopita taa zangu za mwisho, za vifuu vya nazi, ziliwaka wateja wakiwa wamekwenda kulala. Kwamba Pazi ameleta karabai mbili, taa za pampu, kutoka Dar es Salaam. Kwamba ananipa jioni moja ya mwisho, jioni ya kuandama mwezi. Maduka yakiwaka wakati watu wapo, kazi itabaki yangu. La sivyo inakwenda kwa Pazi, moja kwa moja.

Pazi! Niliyemfundisha mimi kupanda ngazi. Mwaka 1926 tulivalisha taa mtaa mzima wa maduka kule Dar es Salaam, sisi wawili. Vifuu 610. Yeye juu, mimi chini nahesabu. Tulipomaliza tulikaa ukingoni mwa barabara tukala muhogo wa kuchoma, tukautazama mtaa unavyometameta, na Pazi akasema hajui kama peponi kuna zaidi ya hapa. Mtu aliyesema maneno yale leo ana karabai.

Alhamisi, 3 Januari

Hesabu. Kuwasha kifuu kimoja, sekunde kumi na tano. Vifuu 240, saa nzima. Pazi anapiga pampu mara thelathini, basi, pamekuwa mchana. Kwa hiyo nikingoja mwezi uonekane ndipo nishike kiberiti, nimeshindwa kabla sijaanza. Lazima mwezi unapotokeza unikute nimemaliza. Lazima basi niijue siku yake mapema.

Tena mafuta ni ya jioni moja tu. Vikombe viwili vya kahawa kwa kila kifuu, utambi mnene, vinawaka kwa muda wa saa tatu.

Nimekumbuka mifungo minane iliyopita, ilikuwa ya siku ngapi: 30, 29, 30, 30, 29, 30, 29, 30. Sasa ni zamu ya 29. Mtoto mdogo angeona. Mwezi utaandama Jumamosi.

Nimemweleza mke wangu Tatu. Akasema yeye atangoja auone, kama watu wengine. Nikamwuliza kama hao watu wengine wana vifuu 240. Akaendelea kupepeta mchele.

Ijumaa, 4 Januari

Nimetundika kutwa. Misumari 240, kamba za makumbi, ngazi yenye vidato kumi na viwili kasoro cha saba, kilichovunjika.

Pazi akapita baada ya sala, kanzu imenyooshwa pasi. Akasimama chini akauliza kama nafungua hoteli ya supu, maana haoni kazi nyingine ya mabakuli mengi namna ile. Nikamwambia karabai yake inanguruma kama tumbo la mfungaji. Akasema afadhali inayonguruma kuliko inayosinzia. Waliomchekea, saba. Aliyenichekea mimi, mmoja, na nadhani alikuwa anakohoa.

Lakini nilipoanza kushuka alishika ngazi pale penye kidato cha saba, bila kuambiwa. Mazoea tu.

Jioni nimekitazama kile kilima nyuma ya maduka. Hapo ndipo Baba alipokuwa akiwasha moto wa Idi. Alikuwa na kazi ya ulinzi huku juu, sisi tukakaa Kibuta, kitongoji cha bondeni. Siku ya kuandama, Mama alisimama uani, mkono kiunoni, anatazama huku. Moto ukionekana, hakuna aliyeuliza neno. Kuku wanakamatwa, nazi zinakunwa, ngoma inatolewa nje, na kitongoji kizima kinanukia iliki. Nilikuwa nikidhani Baba ndiye anayeileta Idi. Kazi hii ya taa sikuirithi, nimeianza na kifuu kimoja na kitambaa cha kanga ya Mama, lakini kama kuna anayetaka kujua kwa nini nilianza na taa na si na samaki, ni kwa ajili ya moto ule.

Tangu afe, hakuna anayewasha. Kibuta wanangoja mpita njia awape habari. Tumepotea sana.

Jumamosi, 5 Januari (Ramadhani 29)

Saa kumi na mbili kasorobo, nimewasha cha kwanza. Saa kumi na mbili na dakika arobaini na tatu, cha mwisho. Dakika mbili mbele ya hesabu!

Ah, laiti Baba angaliona. Maduka matano, manjano kutoka pembe hadi pembe, kuta zinatetemeka kwa nuru, harufu ya nazi mpaka barabarani. Bwana Twalibu alitoka na tende mkononi akasahau kufuturu. Pazi, karabai zake zingali ndani ya gunia, alisimama na mdomo wazi. Nilimwona. Mwili ulikuwa hapa, mwenyewe yuko 1926.

Kisha watu wote wakatazama magharibi. Hakuna mwezi. Wakatazama tena. Hakuna. Shehe akasema basi, tunakamilisha thelathini, wakaenda kusali.

Sikuzima. Mtu awashe saa nzima, kisha azime kwa pumzi yake mwenyewe? Tena huenda mwezi umeonekana kwingine na habari ingekuja kwa simu ya bomani. Nikangoja. Vifuu vikawaka kwa saa tatu kamili kama nilivyosema, kisha vikafa kimoja kimoja. Habari haikuja. Mafuta, sifuri.

Kitu kimoja kimenifariji. Taa zikiwa zimepamba moto nilisikia ngoma kutoka bondeni, upande wa Kibuta. Ngoma ya furaha hasa, ya watu wengi. Nikamwambia Tatu asikilize, mpaka Kibuta wanazisifu taa zangu. Tatu akaniuliza kama nina hakika ni sifa. Huyu mwanamke hapendi kuona mtu anainuka.

Jumapili, 6 Januari (Ramadhani 30)

Saa moja asubuhi. Kibuta imepanda mlima. Kanzu, kofia za kushona kwa mkono, kanga mpya, watoto wamepakwa mafuta wanang'aa. Nimehesabu 112. Wamekuja kusali Idi.

Shehe akawaambia leo ni thelathini. Hakuna aliyekula daku. Kumi na tisa wamekwisha kunywa chai, watailipa siku. Kuku waliochinjwa, 31. Mbuzi mmoja, wa Salumu, aliyekuwa akimnenepesha kwa harusi ya binti yake. Haya nimepewa kwa utaratibu, mmoja baada ya mwingine, kana kwamba mwezi nauweka mimi chini ya kitanda. Nikajitetea kwamba sikumwambia mtu yeyote kuwa mwezi umeandama. Salumu akajibu kwamba ni kweli, sikusema. Niliwasha.

Mbele yao alikuwa Shangazi Sikudhani, dada yake Baba, na sufuria ya pilau kichwani. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akaitua sufuria taratibu, na sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Husseini mwanangu, moto wa baba yako haukudanganya mtu hata siku moja."

Afadhali angenizaba kofi.

Hawakurudi. Kwenda na kurudi ni nusu kutwa, nao hawana kitu tumboni. Wakashinda kwenye baraza za maduka, 112, wameegemea kuta chini ya vifuu vyangu vitupu, wakivitazama. Nilitamani kuhama wilaya.

Machweo mwezi ukaonekana. Mwembamba, wazi, hata watoto waliuonyesha kwa kidole. Pazi akapiga pampu mara thelathini. Nuru nyeupe kama ya mchana. Kibuta wakala pilau yao, kisha wakaingia madukani wote kwa pamoja, na Bwana Twalibu hajapata kupima kitambaa kingi namna ile. Mimi nilikaa juu ya debe tupu.

Shangazi akanijia tena. Akanikumbusha kwamba kule chini wamebaki wazee na wagonjwa, na mumewe, ambaye hawezi kutembea. Asubuhi walitumiwa kijana wa hapa kuwaambia Idi bado, na kwa hesabu yao, iliyoanza siku moja nyuma yetu, leo ni ishirini na tisa tu. Wingu limekaa upande wao, mwezi hawakuuona. Wataiona nuru hii ya Kisarawe na kusema tunachezewa tena. Kesho wataamka na swaumu siku ya Idi, jambo la haramu. Kutuma mtu kwa miguu, watakuwa wameshalala na nia zao. Baiskeli yangu, mpira umepasuka. Kisha akasema, "Taa hakuna atakayezisadiki. Moto wa kilimani wanaujua."

Nikamwambia kuni hazipo, zimekwisha kwenye vyungu vya sikukuu. Alitazama juu, kwenye kuta za maduka.

Vifuu 240, vimelowa mafuta ya nazi mpaka ndani. Hakuna kitu duniani kinachoshika moto upesi zaidi. Na hakuna kitu kingine nilichonacho. Miaka saba nimevikusanya, nimevipasua, nimevisugua kwa mchanga kimoja kimoja. Nikiviteketeza, mimi si mtu wa taa tena.

Nilikuwa bado napiga hesabu hiyo niliposikia ngazi inalia. Pazi alikuwa juu tayari, amekunja kanzu, anakata kamba.

"Hesabu basi," akasema.

Nikahesabu. Yeye juu, mimi chini. Moja mpaka mia mbili na arobaini, na sikukosea, ingawa kuanzia mia moja na kitu macho yalikuwa yananisumbua kwa moshi. Moshi wa karabai. Inajulikana kwamba karabai zina moshi.

Tukavipandisha kilimani kwa magunia. Nikapiga kiberiti kimoja tu. Moto ulikwenda juu kama uliokuwa ukingoja miaka yote hiyo. Shangazi akasimama, mkono kiunoni, anatazama bondeni, na kwa nyuma alikuwa kama Mama kabisa. Tukangoja. Nilihesabu mpaka 400 na zaidi.

Kisha ngoma ikalia, dhaifu, ya mtu mmoja asiye na nguvu. Shangazi akasema huyo ni mume wake.

Jumatatu, 7 Januari

Idi. Nimesali mstari wa nyuma. Bwana Twalibu amempa Pazi maduka yote matano. Pazi ametuletea nyumbani sahani ya maandazi, akala mengi yeye mwenyewe.

Jumanne, 8 Januari

Nimetulia, nimelitazama jambo hili bila hasira. Kosa halikuwa la hesabu. Zamu ilikuwa ya 29, iko wazi. Mwezi ndio uliochelewa.

Leo amekuja Mwalimu Felician, mwenye duka dogo karibu na kanisa. Aliuona ule moto. Anataka duka lake livalishwe vifuu kwa Pasaka, na ananiachia kazi yote. Akaniambia Pasaka yao nayo hufuata mwezi. Mkono wangu ukaanza kuwasha hapo hapo. Akanipa na kalenda ya kupigwa chapa, eti nisije nikakosea siku: tarehe 21 Aprili, imezungushiwa duara jekundu.

Nimemrudishia kalenda yake. Nimemwomba tu anitajie Pasaka za miaka minane iliyopita. Nimekaa nazo mpaka adhuhuri. Ni tarehe 14.

Tatu nimemwambia. Amechukua ungo akatoka nje. Vifuu nimeshapata tisa. Pazi amekubali kunishikia ngazi, kwa ajili ya kidato cha saba, lakini anasema yeye atakuja tarehe 21.

Nimemwambia atakuta nimeshawasha.