Nilivyokataa Kuzama Nzoia

Watu wangu, leo nimeaibika. Si ile aibu ndogo ya kusahau kufunga zipu. Hii ni ile ya kwaya nzima kunyamaza katikati ya wimbo ili watu waone vizuri.

Wacha nianze mwanzo, ndio mkinicheka mnicheke mkiwa na habari kamili.

Mnajua mimi ni mtu wa Bungoma. Mnajua pia nimempata Njeri, msichana wa Kibomet hapa Kitale (ndiyo, yule wa duka la mbegu, na hapana, hana dada). Tulishakubaliana harusi ni Desemba. Kilichobaki ni tangazo la ndoa kusomwa kanisani kwao Jumapili ijayo. Na hapo ndipo shida ilikuwa imekaa ikiningoja.

Kanisa la kwetu halibatizi kwa maji. Hata tone moja. Sisi tunakaa kimya, Roho anafanya kazi yake ndani, na mtu anazaliwa upya polepole bila kulowa. Mamangu alizaliwa upya hivyo, na hakuna mtu amewahi kumwitisha cheti. Sasa kwa kina Njeri ni kinyume kabisa. Kwao kama hujazamishwa mzima mzima, kutoka kisigino mpaka utosi, wewe bado hujazaliwa. Uko tu tumboni unapiga mateke. Na Baba Njeri ni mzee wa kanisa. Aliniambia yeye mwenyewe, sebuleni kwake, ameshika kikombe cha chai, na hata hakupandisha sauti.

"Kijana, mimi sina ukabila. Mtu anaweza kutoka popote akaoa hapa. Lakini msichana wangu sitampatia mtu mkavu."

Mtu mkavu! Chai ilinipalia nusura nilowe hapo hapo.

Basi nikajiandikisha darasa la ubatizo. Wiki sita. Siku ya kwanza Pasta akatoa fomu, akanitazama juu ya miwani.

"Uliokoka lini?"

"Mimi?"

"Wewe. Tarehe, mwezi, mwaka. Na saa, kama unakumbuka."

Wenzangu wote walikuwa na tarehe zao. Kuna mama mmoja, Mama Ciku, alikuwa mpaka na dakika. Mimi tangu nizaliwe (mara ya kwanza, ile ya hospitali) sijasikia mtu wa kwetu akitaja tarehe ya kuokoka. Nikaona ni heri niseme ukweli.

"Pasta, nadhani bado inaendelea."

Darasa likaangua kicheko. Pasta hakucheka. Aliinama akaandika kwa fomu yangu: Anaendelea. Niliona kwa macho yangu.

Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Mto Nzoia, pale chini ya Moi's Bridge, saa tatu asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu, kwa hivyo maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, lakini baridi yake si ya chai. Tulikuwa watu kumi na mmoja, kila mtu na kanzu nyeupe. Mimi ndiye mrefu kuliko wote, na kanzu yangu iliishia magotini. Njeri alinitazama akafunika mdomo na taulo yangu.

Baba Njeri alikuwa amesema angependa kuona mtu wa kwetu siku hiyo. Mama alikataa kuja. Hakukasirika, aliniambia tu kwa simu, "Enda ulowe, mwanangu. Utakauka." Halafu akamtuma kaka yake, mjomba Barasa.

Sasa wale hamtoki kwetu, niwaeleze kidogo kuhusu mjomba. Kwetu kijana akitahiriwa, mjomba wake ndiye anamsimamia. Alfajiri unapelekwa mtoni, unapakwa matope mwili mzima, unarudi nyumbani ukiwa hivyo na kusimama mbele ya kijiji chote, na kisu kinafanya kazi yake. Hutingishiki. Hukonyezi jicho. Ukiyumba kidogo tu, mjomba wako atatembea na kichwa chini katika kila soko la Bungoma mpaka azeeke. Mimi nilipofika umri huo nilisimama kama mlingoti wa stima. Mjomba Barasa anajivunia hiyo siku kuliko harusi yake mwenyewe.

Hilo jambo ningelifikiria mapema. Sikulifikiria.

Pasta aliingia majini na tai yake shingoni. Upande wa pili wa kushika watu alikuwa Baba Njeri, kofia kichwani, uso wa kazi. Kwa ukingo kulikuwa na kwaya, Njeri na mamake, mjomba Barasa na suti yake ya mazishi, na Shosho, mamake Baba Njeri, ambaye alikuwa ameletewa kiti cha plastiki. Watu kumi waliingia na kutoka vizuri kabisa, kama mandazi kwa karai. Chubwi, haleluya. Chubwi, haleluya. Mama Ciku alitoka akiangalia saa.

Ikafika zamu yangu.

Nikaingia. Maji ya kifua. Baridi ikanishika mbavu. Halafu matope yakapenya katikati ya vidole vya miguu, laini, ya baridi, na hapo mwili wangu ukakumbuka kitu ambacho kichwa hakikuulizwa. Nyayo zikakita chini. Magoti yakajifunga. Taya likakaza. Macho yakaenda moja kwa moja kwa mikaratusi ya ng'ambo, yakabaki huko.

Pasta akanishika kulia, Baba Njeri kushoto.

"Kunja magoti kidogo," Pasta akanong'ona.

Magoti hayakukunjika.

"Regea, ndugu."

"Nimeregea, Pasta," nikasema meno yakiwa yamefungwa.

"Wafula," Baba Njeri akasema polepole, "lala."

"Niko karibu, Mzee."

Pasta akainua mkono. "Kwa jina la Baba, na la Mwana..." Akanisukuma. Wapi! Akapumua, akaanza upya. "Kwa jina la Baba..." Wapi! Jameni, mimi nabeba magunia ya mahindi kila siku, na yeye ni mtu wa mikutano. Kwaya ikaanza kupunguza mwendo. Na naapa nilikuwa nataka kuanguka! Nilikuwa naambia miguu, angukeni, Desemba inaponyoka, angukeni! Miguu ikawa ni kama si yangu.

Sasa hebu oneni na macho ya mjomba Barasa. Asubuhi. Mto. Mtoto wa dada yake ndani ya maji baridi, wanaume wawili wanamsukuma, na kijana hata kope halichezi. Mzee wa watu machozi yakamtoka. Akaruka kutoka alipokuwa amesimama, akaanza kupiga ardhi na kiatu.

"Simama imara! Simama imara, Wafula! Usituaibishe! Wanaume wa kwetu hawaangukangi mtoni!"

Ilikuwa sauti ile ile ya siku ya kisu. Nikakaza maradufu.

Pasta akamtazama Baba Njeri. "Pamoja," akasema. Wakajitupa kwangu na uzito wao wote. Wueh! Mguu wa Pasta ukateleza kwa matope. Akashika mkono wa kanzu yangu, ukararuka. Akamshika Baba Njeri, na Baba Njeri hakuwa na wa kumshika. Wakaenda wote wawili. Kisigino mpaka utosi. Maji yakawafunika, mapovu yakapanda, na kofia ya Baba Njeri ikaelea ikashika njia ya Webuye bila nauli.

Mimi nilibaki wima. Nywele kavu.

Hapo ndipo kwaya ilinyamaza. Kitu pekee kilichosikika ni mjomba Barasa akipiga makofi peke yake.

Niliwavua. Baba Njeri nilimtoa kwa kola, Pasta nikamtoa kwa tai (samahani, ndiyo ilikuwa karibu). Tulipofika ukingoni, wa kwanza kuongea alikuwa Shosho, kutoka kwa kiti chake.

"Haiya! Huyu mtoto wangu sasa amebatizwa mara tatu! Mimi nilimpeleka akiwa mchanga akawekewa maji kwa paji la uso. Akakua akasema hayo hayatoshi, akajipeleka mtoni. Na leo kijana amemmalizia!"

Mamake Njeri akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Alikuwa amevaa ndala.

Halafu wakaanza kubishana kunihusu, na mimi nimesimama pale na kanzu ya mkono mmoja.

"Huyu hajabatizwa," Mama Ciku akasema. "Angalieni nywele."

"Amebatizwa," Shosho akasema. "Hao wawili walipoanguka, maji yalimruka usoni. Niliona mimi. Mimi nilibatizwa na machache kuliko hayo na niko hapa."

"Kwani maji ni ya nini?" mjomba akauliza, ameshangaa kweli. "Huyu kijana alizaliwa upya kitambo, kwetu, kimya kimya. Tulimleta hapa kwa heshima tu."

Pasta alikuwa anakamua tai. "Ubatizo ni kuzikwa na kufufuka," akasema. "Yeye hakuzikwa. Tumezikwa sisi."

Kwaya ikajificha nyuma ya vitabu vya nyimbo, na vitabu vikawa vinatetemeka.

Baba Njeri ndiye alikuwa bado anatiririka maji. Alikuwa amejifunga leso ya mkewe, ile iko na picha za jogoo, meno yanagongana. Akanisogelea mpaka tukatazamana.

"Wafula. Pale ndani ulikuwa unakataa nini? Unakataa Mungu, ama unanikataa mimi?"

Aki niliogopa. Niliona Desemba ikielea kufuata kofia. Nilikuwa na majibu mazuri ya darasani, ya wiki sita, nikayaacha yote.

"Mzee, sikatai Mungu. Na wewe siwezi kukukataa. Lakini sitadanganya, niliingia kwa hayo maji kwa sababu ya Njeri. Nilidhani ni kama foleni ya kitambulisho, unapanga laini, unatoka na karatasi. Kwetu kuzaliwa upya ni kitu mtu anangojea akiwa ametulia. Mimi sikuwa nimengojea. Nilikuwa na haraka ya tangazo."

Nikaangalia chini.

"Wiki sita," Pasta akasema. "Wiki sita nakufundisha, na hilo ndilo jibu la kwanza umenipatia ambalo si la kwa kitabu."

Baba Njeri akakaza leso. "Tangazo halitasomwa Jumapili," akasema.

Taulo ikamwanguka Njeri mkononi. Na mimi, watu wangu, magoti yaliyokataa kukunjika mtoni yakaanza kukunjika pale kwa nchi kavu.

"Litasomwa siku utarudi hapa mwenyewe," akaendelea, "bila kuangalia kalenda. Ikiwa ni Jumapili tatu, sawa. Ikiwa ni mwaka, sawa. Na hiyo siku mimi nitakuwa huku juu, kavu. Mkono wako utashikwa na mtu mwingine."

"Nitashika mimi!" mjomba Barasa akasema.

"Hapana!" Ilikuwa kanisa lote, Shosho akiwemo.

Njeri hakuniongelesha mpaka tulipofika kwao Kibomet. Nilijaribu mara kadhaa. "Umekasirika?" Kimya. Kanisa la kwetu lingempokea mara moja. Tulipofika nyuma ya nyumba, pale kwa nyasi wanapoanika nguo, akasimama.

"Babangu ana ugonjwa wa viungo, Wafula. Na ile kofia mamangu alimnunulia."

"Najua. Nisamehe."

"Hujui kuanguka. Nani hajui kuanguka? Hata mtoto wa mwaka mmoja anajua!" Mdomo wake ukaanza kucheza pembeni, nikaona kumbe naye anajizuia kucheka. "Kuja hapa. Nipe mgongo. Fumba macho, kunja magoti, uanguke nyuma. Mimi nitakudaka."

"Kweli?"

"Si unataka kunioa? Basi niamini."

Nikampa mgongo. Nikafumba macho. Nikajiambia, huyu ndiye mtu utakaa naye maisha yako yote, bana, kama huwezi kumwamini kwa nyasi utamwamini wapi? Na nikaregea. Mara ya kwanza leo, kitu ndani kikaachilia, shingo, mgongo, magoti, vyote. Nilianguka vizuri ajabu. Pasta angeniona angelia.

Njeri hakudaka.

"Hiyo ni ya babangu," akasema kutoka huko juu, mimi chini nimeshika makalio, halafu akaninyooshea mkono. "Amka. Sasa ndio tunaanza."

Saa hii niko cyber, mjini, nimekodi kompyuta, nawaandikia haya yote nikiwa nimesimama. Mwenye cyber ameniuliza mara mbili kama kiti kina shida. Nimemwambia kiti kiko sawa kabisa.