Mtu Aliyeuza Mtandao Uliokuwa Njiani

Siku ya tatu tangu mtandao ukatike mji mzima, saa nne asubuhi, mtu aliyejulikana kwa jina la Mawimbi alikuwa kwenye kibanda cha chai, macho kwenye kikombe na masikio kwenye meza ya nyuma. Meza ya nyuma walikaa mafundi wawili wa kampuni ya mtandao, matope hadi magotini. Tingatinga la wachimba barabara lilikuwa limekata waya mkubwa, nao wametoka kuuunga.

"Saa nane kamili utarudi," alisema mmoja akimenya yai.

"Watu wameambiwa?"

"Nani awaambie? Bosi anasema tukiwaambia saa nane, ukachelewa ukaja saa tisa, watatutukana. Afadhali wasijue."

Hebu tusimame hapa kidogo. Kampuni ile ilikuwa imeshachukua malipo ya mwezi mzima kwa watu wa mji ule. Siku tatu haikuwapa hata neno moja. Ukipiga kuuliza, unapigiwa muziki. Kisha mtu kama Mawimbi akiokota habari waliyonyimwa wenyewe na kuiuza, yeye peke yake ndiye anayeitwa tapeli.

Ni tapeli, hatukatai. Aliwahi kuuza kiwanja cha kanisa. Aliwahi kuwa mganga wa meno kwa nusu siku, akaacha kazi mgonjwa alipoamka. Lakini hata yeye, katika maisha yake yote ya kuuza visivyokuwepo, hajawahi kupata bidhaa tamu namna hii: kitu ambacho kitafika chenyewe, kwa saa inayojulikana, na hakuna ajuaye ila yeye.

Akaenda nyumbani, akavaa kizibao cha njano chenye mistari ya kung'aa, kofia ngumu, akajitundika shingoni kitambulisho chenye picha yake na muhuri wa chama cha wafuga kuku. Begani mwake akatupia mviringo wa waya mweusi. Kisha akaanza kutembea mitaani akitafuta mtu mwenye shida na pesa pamoja, maana shida bila pesa zilikuwa kila mlango.

Alimpata saa sita, kwenye jengo la ghorofa tatu lenye milango ya chuma.

Mwenye jengo lile wapangaji walimwita Mzee Rimoti, na jina alilichuma mwenyewe. Mwaka wa kwanza aliondoa bomba la uani, akisema wapangaji wanaoga kupita kiasi. Mwaka wa pili akaweka kamera kwenye ngazi, ikitazama kamba za kuanikia nguo za ndani. Mwaka wa tatu akang'oa vitasa vyote vya ufunguo na kutia vitasa vya mtandao, vile vya bei ya kutupa, ambavyo mlango unafunguliwa kwa simu. Kila mpangaji alilazimishwa kuweka programu ya vitasa kwenye simu yake kwa ajili ya mlango wake. Simu ya Mzee Rimoti, kama mmiliki, ilifungua na kufunga yote, na mlango uliofungwa nayo simu ya mpangaji haikuweza kuufungua. Neno la siri lilikuwa lile la kiwandani, sifuri nne, limebandikwa kwa karatasi ya gundi kwenye kila kitasa ili mzee asisahau. Fundi cherehani wa chumba cha chini, ambaye jengo zima lilimwita Shangazi, alimwambia abadilishe. Alijibiwa, "Kwani wewe ndiye mwenye nyumba?"

Basi vitasa hivi vilikuwa na tabia moja. Uko hatua tatu kutoka mlangoni kwako, simu mkononi, kitasa kinaomba ruhusa kwanza kwenye mashine fulani iliyoko ng'ambo ya bahari. Mtandao ulipokatika, vikavumilia siku mbili. Alfajiri ya siku ya tatu vikaamua jengo limevamiwa, vikajifunga vyote. Aliyekuwa nje akabaki nje, aliyekuwa ndani akabaki ndani. Mzee Rimoti alikuwa ametoka kutupa taka, yuko na kandambili na kaptura ya kulalia. Ndani, nyuma ya chuma cha kuzuia wezi, alikuwa mama mkwe wake.

"Mkwe!" sauti ilishuka kutoka ghorofa ya tatu. "Nimeshamaliza asali yako! Sasa naanza kusoma barua zako!"

"Mama, usiguse kabati!"

"Mimi ni mama wa mkeo au ni mfungwa wako?"

Shangazi yeye hakufungiwa na bahati mbaya. Mlango wake ulifungwa na kidole cha Mzee Rimoti siku tatu nyuma, dakika kumi kabla ya mtandao kukatika, kwa sababu alimpata mtu wa duka la manukato aliyekitaka chumba kile. Ndani kulikuwa na cherehani yake na magauni kumi na nane meupe ya wauguzi wanafunzi, ambao kesho yake asubuhi wangekula kiapo. Yalibaki kutiwa vifungo tu. Yasipofika, chuo kingehamishia kazi hiyo kiwandani, na Shangazi hakuwa na mteja mwingine wa kumweka mjini. Siku tatu alikuwa amekaa kwenye kigoda cha kuazima mbele ya mlango wake mwenyewe, sindano imechomekwa kwenye kola.

Ndipo Mawimbi akaingia, akatazama dari, akatikisa kichwa kama daktari aliyeona picha mbaya.

"Nani kawafungia hivi vitasa?"

"Mimi mwenyewe," alisema Mzee Rimoti. "Wewe nani?"

"Fundi wa laini za dharura. Pole sana, bosi. Wiki ijayo ndiyo mtandao unarudi."

"Wiki?" alisema mzee.

"Wiki?" alisema mama mkwe juu.

"Kwa watu wa kawaida," alisema Mawimbi, akishusha sauti. "Kuna laini ya akiba. Mawaziri ndio wanaitumia. Naweza kukuchomolea uzi mmoja, lakini..." Akatazama huku na huku. "Nina watoto, bosi. Nikikamatwa."

Walielewana haraka, kama watu wa tabaka moja la roho. Mzee Rimoti alipanda hadi ghorofa ya pili, akagonga dirisha la juu yake kwa ufagio mrefu, mama mkwe akamdondoshea pochi yake, bahasha na karatasi alizoagiza. Akajibanza nyuma ya ngazi, akatokea na bahasha nene. Mawimbi aliipima kwa kiganja, akaridhika, akatazama saa. Saa saba na nusu. Akafunga ncha moja ya waya kwenye bomba, nyingine akampa mzee.

"Simama dirishani. Inua mkono. Juu zaidi. Usipumue kwa pua, unaharibu mawimbi."

Nusu saa nzima mwenye jengo alisimama mkono juu, kinywa wazi, kaptura inamteremka, na wapangaji aliowanyima bomba wakamtazama bila kulipa kiingilio. Saa nane na dakika moja vitaa vya vitasa vikageuka kijani, mtandao umefika, ingawa milango ilibaki imefungwa. Watu wakapiga makofi. Mawimbi akainama kidogo, kama msanii.

"Sasa, bosi, kuivusha milango kwenye laini ya akiba. Namba yako ya simu umenipa, neno la siri nimeshaliona, umelibandika. Itaingia namba ya tarakimu sita kwenye simu yako. Nisomee."

"Mbona ujumbe unasema usimpe mtu yeyote?"

"Mtu yeyote, bosi. Mimi ni fundi."

Mzee Rimoti akaisoma, kwa sauti ile ile aliyozoea kusomea notisi, korido nzima ikasikia. Tangu sekunde hiyo mmiliki wa jengo lile, mbele ya macho ya mashine ya ng'ambo, alikuwa simu ya Mawimbi. Akabonyeza. Tak, tak, tak, milango ikafunguka mmoja mmoja.

"Na wangu?" aliuliza Shangazi.

"Huo uache ulivyo," alisema Mzee Rimoti.

"Baba, kesho nina kazi ya watu. Nipe hata dakika mbili nitoe magauni."

"Nimesema uache."

Mawimbi akapandisha mabega. "Mimi ni fundi, Shangazi, si hakimu."

Shangazi alikuwa anatazama kizibao. Miaka miwili nyuma alishona vizibao arobaini vya mafundi wa kampuni ile, kila kimoja na mfuko wa pembeni wa kuwekea koleo, mshono mara mbili. Hiki hakikuwa na mfuko, na mistari yake ilibandikwa kwa gundi, mmoja umeshaanza kubanduka. Akamfuata hadi ngazi za nje.

"Mwanangu, hebu nipe namba yako. Tukikwama tena tumpigie nani?"

Hakuna tapeli anayekataa mteja. Akampa, na tabasamu juu.

Nusu saa baadaye, Mawimbi akiwa kibandani tena, alifungua bahasha. Juu noti, chini noti, katikati notisi za kuhama zilizokunjwa kwa kipimo cha noti, kila moja na sahihi ya Mzee Rimoti. Ikamuuma. Alikuwa ameibiwa na mtu mwenye kaptura. Akashika simu.

"Bosi, habari za laini ya akiba?"

"Inafanya kazi vizuri sana, injinia," alisema Mzee Rimoti, ambaye alikuwa amesimama kwenye korido akijipongeza.

"Vizuri. Sasa sikiliza."

Tak. Ghorofa ya tatu mlango ukajifunga. Mama mkwe alikuwa amerudi ndani kuchukua viatu.

"Mkweee!"

"Hiyo milango ni yangu sasa," alisema Mawimbi. "Ujaze ile bahasha, na safari hii iwe pesa hadi katikati. Kabla jua halijazama. La sivyo nafunga yote, kisha naizima programu, ukate chuma kwa msumeno."

Mzee Rimoti alijaribu kuificha aibu yake. Lakini simu yake ilikuwa kwenye spika, mama mkwe alikuwa dirishani, na alivyoyasikia aliyatangaza hadi mtaa wa pili.

Shangazi alisikia. Akatoa simu yake, akaifungua programu ya vitasa aliyolazimishwa kuiweka, akamwonyesha seremala wa ghorofa ya kwanza.

"Unaona hapa? 'Badilisha mmiliki.' Inataka namba ya simu ya mmiliki wa sasa, neno la siri, na zile tarakimu sita. Namba ya simu ninayo. Sifuri nne ninazo tangu mwaka juzi."

"Na tarakimu sita?"

"Atanisomea."

"Yeye? Shangazi, yule ndiyo kazi yake!"

"Ndiyo maana atasoma. Nyamaza, inaita."

Mawimbi alipokea.

"Mwanangu," Shangazi alisema, sauti ameizeesha miaka ishirini, "ni mimi wa chini, wa magauni. Sisi wapangaji tumeogopa. Tumechanga kidogo tukupe wewe, usitufungie. Ugomvi wako si na huyo mzee?"

"Kidogo kiasi gani?"

"Sijui hesabu za simu, baba. Mpwa wangu ndiye anatuma. Anasema ni nyingi mno kupita bila kibali, kwa hiyo kwako itaingia namba ya tarakimu sita, unisomee, ndiyo zitoke."

Sentensi hiyo Mawimbi alikuwa ameisema kwa watu wasiohesabika: wajane, walimu, padri mmoja. Hakuwahi kuisikia ikimjia. Na kusema kweli, iliposemwa na bibi wa sindano asiyejua hesabu, haikufanana kabisa na ile yake. Yake ilikuwa ya kitaalamu.

"Na usimpe mtu mwingine," Shangazi aliongeza. "Dunia imeharibika."

"Najua, Shangazi. Mimi hawa watu nawafahamu." Simu yake ikalia. Ujumbe ulikuwa mrefu. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye tarakimu, kama alivyowafundisha wengine. "Andika. Saba, moja, moja, nne, tisa, sita."

"Rudia, baba, masikio haya."

Akarudia, taratibu, kwa huruma.

Shangazi akabonyeza. Mlango wake ukasema tak.

Simu iliita tena kabla hajaingia ndani.

"Shangazi! Umeniibia!"

"Nimekuibia nini, mwanangu? Mlango wangu?"

Akakata. Akamfungulia mama mkwe, ambaye alishuka akiwa na viatu mkononi na kikapu, akaapa hapandi tena. Seremala akaleta bisibisi na vitasa vya kawaida, vya ufunguo wa chuma, akaanza na mlango wa chini kwenda juu. Kamera ya ngazini akaing'oa bila kuagizwa. Mlango mmoja tu, wa ghorofa ya tatu, Shangazi aliufunga kwa simu na kuuacha vilevile.

Jua lilipokuwa linazama Mawimbi hakupiga. Mzee Rimoti alijaribu mlango wake mara kumi, akaita seremala, seremala akawa kiziwi. Mwishowe akashuka ngazi, kandambili zikimsemea, akasimama mbele ya chumba cha chini. Tangu mwaka juzi alikuwa akiingia chumba chochote kwa kidole. Akakohoa.

"Hodi."

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Mwenye nyumba."

Ndani mama mkwe alisema kitu, wakacheka wawili. Karatasi ikateleza chini ya mlango. Iliandikwa kwa chaki ya fundi: hakuna anayefungiwa chumba chake, hakuna kamera kwenye nguo za watu, bomba la uani lirudi. Chini, mahali pa sahihi.

"Nikisaini utanifungulia juu?"

"Ukisaini tutazungumza. Kaa kwenye kigoda hapo, Mzee. Tunashona vifungo."

Akakaa. Kila gauni lilikuwa na vifungo saba, magauni yalikuwa kumi na nane, na mama mkwe ndio kwanza alikuwa anajifunza kutunga uzi.