Siku Niliyoshika Kipaza Sauti cha Guyo

Leo nimeaibika mbele ya Isiolo nzima. (Sawa, si Isiolo nzima. Ni ghala moja. Lakini lilijaa mpaka mlangoni.)

Nyinyi niliokaa nanyi chumba kimoja chuoni Nairobi mnanijua. Filamu siiangalii tu, naihoji. Kwa nini shujaa akipigwa risasi bado ana pumzi ya kuimba beti tatu? Kwa nini mapacha waliopoteana utotoni hukutana harusini, kamwe si kwenye foleni ya maziwa? Tangu nirudi nyumbani kungoja kazi, nimewachosha watu kwa maswali haya.

Hapa sinema ya Kihindi huonyeshwa Jumamosi alasiri katika ghala la Haji Abdi, mwenye malori. Madirisha huzibwa kwa magunia, watu hukaa juu ya ngozi za ng'ombe. Kwa kuwa hakuna anayejua Kihindi, Guyo kinyozi hushika kipaza sauti na kutueleza. Guyo naye hajui Kihindi. "Sasa amekasirika! Sasa anampiga!" Basi. Mara ngapi nimesema huo si ufafanuzi?

Leo Guyo amekwenda Sericho, ngamia wa mama yake wanaumwa. Haji akaniita.

"Msomi, si wewe husema Guyo hafai? Haya, shika wewe."

Sasa mjue jambo moja. Mjomba wangu alikwenda kwa Haji kuniposea binti yake, Rukia, na Haji alisema atatoa jibu leo, sinema ikiisha. (Kwa hiyo kile hakikuwa kipaza sauti. Kilikuwa mtihani.)

Taa zikazimwa. Mutwiri, anayeendesha mashine, akaweka mkanda. Hata jina la filamu hatujaona, tayari kijana anakufa mapajani mwa mama yake! Mama mwenye mvi analia. Askari wamevua kofia.

Watu wakanigeukia. "Nani huyo? Amefanya nini?"

Nilijua? Sikujua. Nilisema sijui? Jamani, nina digrii!

"Ndugu zangu," nikasema, "filamu hii ni ya kisasa. Mtunzi ameanza na kifo makusudi. Hataki tuulize nini kitatokea. Anataka tuulize kwa nini."

Haji akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyeonjeshwa kitu kizuri. Upande wa wanawake nikamwona Rukia akinitazama. Basi nikafunguka! Nikaeleza huzuni. Nikaeleza haki. Nikaeleza kofia za askari zina maana gani.

Muda si muda jua la kwenye filamu likazama ukutani, muziki ukapanda, yakatokea yale maneno makubwa ya Kiingereza ambayo hata mtoto anayajua: mwisho.

Mzee mmoja aliyekuja na lori kutoka Ngaremara akasimama. "Imekwisha? Mimi hata njugu sijamaliza!"

Mutwiri akapaza sauti kutoka nyuma, haraka mno: "Msikilizeni msomi! Ataeleza!"

(Hapo mtu yeyote angeshuku. Mimi, ninayeshuku hata taarifa ya mvua redioni, sikushuku.)

"Mtunzi anatuuliza," nikasema, "mwisho ni nini? Nani ameamua kwamba mwisho lazima ukae mwisho?"

"Abo!" mtu akashangaa gizani, kwa heshima kabisa.

Mkanda mwingine ukaanza. Cheti cha serikali cha kuruhusu filamu. Jina la filamu. Majina ya waigizaji. Kisha mama yule yule, msichana sasa, nywele nyeusi tii, ana mimba na anaimba kisimani.

"Huyu si yule mama alikuwa analia?" mzee wa Ngaremara akauliza.

"Ndiye. Anakumbuka ujana wake."

"Na ndani ya tumbo ni nani?"

"Ni... marehemu."

Sauti ikatoka upande wa wanawake. Sauti ninayoijua. "Kwa hiyo tunangoja azaliwe, ndipo afe tena?"

Ghala likapasuka kwa kicheko. Ni Rukia. Rukia wangu! (Karibu awe wangu.)

"Mutwiri!" Haji akanguruma. "Washa taa!"

Mutwiri akasimama, kopo la mkanda mkononi. "Samahani, Haji. Mikanda ilichanganyika kwenye lori. Nimeanza na ule wa mwisho. Nilitaka kusimamisha, lakini msomi alieleza vizuri mpaka mimi mwenyewe nikaamini."

Mzee wa Ngaremara alicheka mpaka akamwaga njugu. Filamu ikaendelea bila mfafanuzi. Kila mtu alielewa kila kitu.

Ilipoisha, Haji akaniita mlangoni. Rukia alikuwa nyuma yake, mtandio mdomoni, mabega yanatetemeka.

"Kijana, kazi huna."

"Bado, Haji."

"Hilo si neno, kazi hutafutwa. Nataka kujua kitu kimoja. Ukikosea, unaweza kusema nimekosea?"

Neno moja tu, wenzangu. Ndiyo. Hata mbuzi angejibu.

"Inategemea, Haji," nikasema. "Kwanza tujiulize, kukosea ni nini?"

Haji akafunga mlango wa ghala. Ndani nikasikia Rukia akicheka, halafu baba yake, halafu wote wawili kwa pamoja.

Jibu sijapewa, na mjomba amekataa kurudi kuliuliza. Tafadhali msicheke. Na atakayecheka, sitamhoji sababu.