Filimbi ya Mjomba Iko Mahakamani

Jumanne, 4 Machi
Hukumu imeahirishwa tena! Hakimu yuko semina. Mjomba Eleuterio alikiri tangu Novemba kwamba mkokoteni wake wa kuuzia viazi vitamu ulimponyoka mteremkoni ukavunja taa za gari la diwani. Inasubiriwa adhabu tu. Hadi isomwe, mkokoteni ni kidhibiti cha kesi. Umefungiwa uani mwa mahakama, na jiko lake, na filimbi yake ya mvuke. Hapa mtaani Portales, jijini Mexico, hakuna anayechungulia dirishani kutafuta viazi vitamu. Watu husikiliza filimbi. Bila filimbi, Mjomba hauzi. Hakulalamika. Aliuliza tu kama hakimu anapata chakula kizuri huko semina. Mtu wa ajabu! Nitamwokoa.

Jumatano, 5 Machi
Mpango wa kwanza. Mjomba mbele na sufuria ya viazi mgongoni, mimi nyuma na filimbi ya plastiki ya shule. Nilipuliza kwa haya, mlio ukipanda na kushuka. Majirani wakatoka! Kila mmoja na kisu. Kumbe ule ni mlio wa mnoa visu apitaye mitaani.

“Anza na hiki, mwanangu,” Bi Remedios akaniambia. “Hakikati hata siagi.”

Nilitamani ardhi inimeze. Mjomba alikaa ukingoni mwa barabara, akaokota jiwe, akanoa vyote bure, akimuuliza kila mwenye kisu anapika supu gani. Kiliuzwa kiazi kimoja. Nilikinunua mimi.

Ijumaa, 7 Machi
Hakimu amerudi! Mjomba alipoitwa ndani, nikajipenyeza uani. Hoja yangu: hakimu akiusikia mlio ule, moyo utalainika. Nikatia maji, nikawasha kuni. Filimbi ikalia kama treni. Makarani wakatoka mbio na sahani. Hakimu akatoka na hukumu mkononi. Mwendesha mashtaka akataka kujua nani kachezea kidhibiti. Mjomba naye akatoka, akasimama mbele yangu.

“Mheshimiwa, huyu ni mpwa wangu. Filimbi ni yangu, na kelele ziandike zangu.”

Hukumu imeahirishwa hadi Aprili, ili kidhibiti kichunguzwe.

Jumamosi, 8 Machi
Mjomba anaita wateja kwa mdomo. Sauti imekauka, ghorofani hawamsikii. Hajanigombeza. Amenipa kiazi kikubwa kuliko vyote, na maziwa matamu juu. Aliomba tu nisome vitabu vyangu, nisimsaidie tena mahakamani. Nimekubali. Mahakamani siendi. Kesho nitamsaidia mtaani, kwa kengele. Najua, hapa kwetu kengele ni mlio wa gari la taka, na watu hutoka na mifuko yao ya taka. Lakini mimi nitaipiga kwa upole.