Ubongo na Roho Wakutana Kikuyu

Jumatatu, 3 Juni

Barua yangu ya posa imefika Buigiri, kwa kina Edina, salama. Haikuchanwa. Huo ni mwanzo mzuri.

Mshenga wangu ni Respicius. Tunakaa meza moja pale masjala, na ni Mhaya mwenzangu, kwa hiyo kusema anajua. Kaniletea ripoti saa nne, mbele ya chai yangu na chapati yangu, ambayo kaila yeye. Baba yake Edina, Mwalimu Mazengo, kampokea vizuri. Hakuuliza kabila. Hakuuliza mshahara. Kauliza jambo moja tu: huyo Optatus anafikiri nini?

Nikamwuliza Respicius, kuhusu nini? Kasema hata yeye aliuliza hivyo, na mzee kajibu kuhusu chochote. Jibu la posa litatoka Jumapili baada ya ibada.

Nafikiri nini! Nina miaka thelathini na minne. Miaka tisa nimefungua majalada na kuyafunga, na hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo. Hii si haki.

Jumanne, 4 Juni

Edina kaniokoa. Edina ni mkutubi chuoni. Nampenda. Naliandika hili hapa kwa sababu hapa hakuna wa kunicheka.

Kasema baba yake, tangu astaafu ualimu, anashinda akisikiliza midahalo kwenye simu. Haoni tangu utotoni, masikio ndiyo yanafanya kazi yote. Sasa kuna mdahalo mmoja ambao dunia nzima inaugombania. Mwanasayansi maarufu wa ubongo na mwanafalsafa maarufu mwenye ndevu wamekaa jukwaani huko Ulaya wanabishana. Mmoja anasema mtu ni nyama tu na umeme kidogo kichwani. Mwingine anasema ndani kuna kitu kinachojua kwamba kipo, na kitu hicho hakipimwi kwenye mizani. Watazamaji milioni sita. Maoni elfu arobaini, mengi ya matusi.

Kasema pia Joshua kausikiliza mara mbili. Joshua! Mhadhiri msaidizi, jirani yao, ambaye kila Jumamosi anakwenda kwa Mwalimu kujadili falsafa na kula mlenda wa watu. Barua hajaleta. Anavizia.

Nimeutazama wote, saa mbili nzima. Kiingereza changu kinatosha barua ya kuomba likizo. Nimeelewa salamu na makofi.

Jumatano, 5 Juni

Nimeanza utafiti. Nimekusanya maoni ya wananchi.

Mama Cecilia, mkuu wetu wa masjala, kasema anayedai roho haipo hajawahi kuuguza mtoto, na nirudi mezani kwangu. Respicius yuko upande wa ubongo, maana roho haiumwi kichwa siku ya Jumatatu. Sila, mlinzi wa getini, kasema kule kwao Chemba ana ng'ombe anayelia akimwona kwa mbali. Sasa hao wataalamu wamwambie, anayelia ni ubongo wa ng'ombe au roho ya ng'ombe? Nikamwambia nina haraka. Jioni kanizuia getini, kadai jibu.

Bodaboda wa kijiweni kwanza walidhani nazungumzia ndondi. Nilipowaeleza wakagawanyika pale pale, abiria wamesimama wanasubiri. Mmoja kamvua mwenzake helmeti ili amwonyeshe ubongo unapokaa.

Hapo ndipo wazo liliponijia. Wazo kubwa!

Hapa mtaani kwetu Kikuyu kuna kibanda umiza cha Yasinta. Mwisho wa wiki anaonyesha mpira, siku nyingine filamu za nje zilizotafsiriwa, zile ambazo mtu mmoja anashika maiki na kumsemea kila mhusika kwa Kiswahili. Nami nitautafsiri mdahalo! Mgeni rasmi: Mwalimu Mazengo. Picha haoni, kwa hiyo atategemea sauti, na sauti ni yangu. Mwanafalsafa atasema ninachotaka mimi. Nimejishangaa.

Alhamisi, 6 Juni

Yasinta kakubali, Jumamosi saa tisa alasiri, kabla ya mechi. Kaandika ubaoni kwa chaki: UBONGO DHIDI YA ROHO. MSHINDI LAZIMA APATIKANE. Nikamweleza huu ni mdahalo wa falsafa. Kasema akiandika falsafa hatakuja mtu.

Mwalimu kakubali kuja. Na Joshua anakuja! Kaalikwa na nani? Edina kasema yeye ndiye mwenye gari. Sawa.

Edina kaniuliza kama kweli naelewa wanachosema wale watu. Nikasema kwa ujumla. Kasema haya, kwa sauti ambayo sikuipenda.

Ijumaa, 7 Juni

Mazoezi. Sauti nene ya mwanafalsafa. Sauti ya puani ya mwanasayansi. Joshua naye anaongelea puani, lakini hiyo imetokea tu.

Mwanafalsafa atasema kichwa cha mtu ni ofisi, na ofisi isiyo na mtunza kumbukumbu haijijui. Atasema busara haihitaji shahada ya pili. Dakika ya hamsini mwanasayansi atashindwa na kuomba radhi kwa wote aliowakosea. Mama mwenye nyumba kagonga ukuta, kauliza naongea na nani. Nikasema na wazungu. Kasema niwaage, anataka kupumzika.

Jumamosi, 8 Juni

Naandika na viatu bado miguuni.

Kibanda kilijaa hadi watu wakachungulia kwenye matundu ya bati. Bila mtu kuwapanga, akina mama wa kwaya wakakaa kulia na kujiita Roho, mafundi pikipiki wakakaa kushoto na kujiita Ubongo. Vuvuzela pande zote. Mwalimu Mazengo kakaa mbele, koti la suti, fimbo nyeupe magotini. Edina upande mmoja, upande wa pili Joshua na daftari. Nikasema shikamoo Mwalimu. Kasema marahaba, kauliza je, sauti za wazungu zitasikika? Nikasema kwa mbali tu, zisimsumbue. Kasema hazimsumbui.

Kafundisha Kiingereza miaka thelathini na mmoja. Nilikuwa najua! Edina aliniambia mwaka jana. Sijui kwa nini niliamini Kiingereza kinaingilia machoni.

Nilianza kwa kishindo. Mwanasayansi akifungua mdomo tu, kwaya inazomea. Nilipomsemea kwamba mtu ni nyama, mafundi wakaruka kama wamefunga goli. Mtu akauliza mwamuzi yuko wapi. Mama mmoja akataka sehemu ile irudiwe, kaona mwanasayansi kacheza rafu. Mwalimu kainamisha kichwa, mabega yanatikisika. Nikajua analia. Nikazidisha.

Nikafumba macho kwa hisia. Nikaingia kwenye ofisi na mtunza kumbukumbu. Kibanda kikawa kimya kabisa. Nikasema moyoni, nimewagusa. Nikaendelea, nikapanda, nikashuka. Nilipofumbua macho, runinga ilikuwa nyeusi tii. Umeme ulikuwa umekatika, ila spika yangu ilikuwa ya betri. Yasinta kasema nilihubiri dakika nne mbele ya runinga iliyozimika, na kwamba mwanafalsafa alikuwa ameanza kumsifia kijana fulani wa Kikuyu kwa jina.

Sila, ambaye hata sikumwalika, akapaza sauti: mwili umekufa, roho bado inaongea! Basi. Kwaya ikatangaza ushindi, vigelegele, wakacheza hadi vumbi likatimka. Mafundi wakasema watakata rufaa, maana betri nayo ni umeme.

Joshua akasimama, akasema kwa ile sauti yake kwamba sikutafsiri sentensi hata moja. Mwalimu akamwambia akae, hilo alilijua tangu dakika ya kwanza. Kisha akaniita. Akasema sasa nizime maiki, nimwambie mimi Optatus nafikiri nini.

Maandalizi yote yakanitoka. Nikasema sijui, Mwalimu. Nikasema nikimsikia Edina anacheka kwenye simu, kuna kitu hapa kifuani kinaruka. Kama ni umeme, basi ni umeme, na kama ni roho, ni roho. Mimi sikuwahi kuuliza, nilikuwa nafurahi tu. Vuvuzela moja ikalia, nadhani kwa bahati mbaya.

Mwalimu kainuka, kashika bega la Edina, wakaondoka kwa gari la Joshua. Nimekwisha.

Jumapili, 9 Juni

Respicius kaenda Buigiri asubuhi. Simu haipatikani. Upepo tangu alfajiri, vumbi hadi kwenye maji ya kunywa. Nimefua shati moja mara mbili. Nimejiandaa kisaikolojia kuwa kaka wa kiroho wa Edina. Nimeshindwa.

Saa nane Respicius karudi. Kakaa. Kala ugali wangu wote kwanza. Ndipo akasema: wamekubali!

Wamekubali! Kasema Mwalimu hajacheka vile tangu mkewe afariki. Mzee mwenyewe kasema kijana ni mwongo wa mchana kweupe, lakini alipoulizwa alisema sijui mbele ya umati, na Joshua kwa Jumamosi za miaka miwili hajalitamka neno hilo hata mara moja. Edina alipoulizwa alisema ndiyo kabla swali halijaisha. Onyo ni moja: nisithubutu tena kutafsiri nisichokielewa.

Nimelia, sioni aibu kusema. Nimelia nimeshika sufuria tupu. Kisha Edina kapiga simu, kacheka, na kile kitu kikaruka hadi nikakaa chini.

Jumatatu, 10 Juni

Nimelala, nimeamka, nimelitafakari kwa kichwa kilichotulia. Ni wazi kabisa kwamba kilichonipatia mke ni ile tafsiri. Lile neno sijui lilikuwa ajali. Mwalimu ni mtu wa masikio, na sauti yangu ilimfika.

Mwezi ujao wazee wangu wanakuja kutoka Bukoba kuzungumza na ukoo wa Edina. Wangu wanajua Kihaya na Kiswahili cha kuokoteza. Wazee wa Buigiri wamesema hawawezi kumtoa binti yao kwa lugha nyingine isipokuwa Kigogo. Pande zote zinahangaika kutafuta mkalimani. Nimemwambia Respicius awatulize, mkalimani yupo, na hata kutafutwa hakuhitaji. Kaniangalia sana. Nikamkumbusha kwamba onyo la Mwalimu lilihusu Kiingereza.

Kigogo najua mbukwenyi, ambayo ni salamu. Lakini mbele yangu kuna mwezi mzima, na sauti za wazee nimeshaanza kuzifanyia mazoezi.