Jiwe la Zambarau na Tanuru la Kigango

Jumatatu, 8 Septemba 2003
Biashara imekamilika! Sulle wa Dirma kachukua maksai wangu mmoja, mimi nimechukua jiwe. Zambarau tupu, ukubwa wa yai la kuku, ukilielekeza juani mwanga unapita. Linakwaruza kioo. Nimelijaribu kwenye kioo cha mke wangu, Genoveva. Amefoka: mvua zikianza tutalima na nini? Hana subira huyu.

Jumatano, 10 Septemba
Hasira! Nicodemo, jirani yangu na mwenyekiti wa kigango, amenicheka mbele ya watu wote waliokuwa wakipanga matofali ya nyumba ya padri. Eti jiwe la mali ni la bluu, lile la Mererani, na mimi nimepigwa. Hajui kitu! Hata la Mererani hutoka chini likiwa la kahawia, moto ndio unaolitia bluu. Na moto upo. Tanuru linawashwa kesho. Nimejitolea kupanga safu ya tatu, jiwe likiwa mfukoni. Nicodemo kanisifu, mjinga yule.

Jumapili, 14 Septemba
Nicodemo ametangaza kanisani kwamba tanuru halifunguliwi mpaka Jumamosi. Jumamosi! Mnunuzi wa mawe anakuja Mbulu mjini Jumanne. Ananifanyia makusudi.

Jumatatu, 15 Septemba
Nimebomoa ubavu wa tanuru. Nyusi zimeungua zote. Upepo ukaingia, matofali yakapasuka. Jiwe nalo limetoka na nyufa, tena la njano. Njano! Rangi ya mkojo wa ng'ombe! Nimelitukana mpaka sauti ikakauka. Wazee wa kigango wamenitoza faini: nifyatue matofali elfu mbili, niyachome mwenyewe. Nicodemo ndiye aliyehesabu, polepole, akifurahia.

Jumanne, 16 Septemba
Mnunuzi anasema hii ni amethisti. Ikiungua, zambarau inakimbia na hairudi. Wiki iliyopita angenipa maksai wawili na ndama. Leo kanipa soda.
Genoveva amekaa karibu na plau, anamtazama maksai aliyebaki. Imeniuma sana. Namchukia Nicodemo.

Jumatano, 17 Septemba
Nimefikiri. Plau huvutwa na maksai wawili. Huyu mmoja anakula majani bure. Sulle ana jiwe jingine, la kijani. Kosa langu lilikuwa rangi tu. Genoveva akishuka mtoni, namfungua maksai naelekea Dirma. Safari hii hakuna wa kunipangia siku ya kufungua. Tanuru ni langu mwenyewe, la matofali elfu mbili!