Picha Inayochelewa Njiani

Jumatatu, 3 Machi

Wameshaifunga kamera. Iko juu ya tangi langu la sabuni, jicho moja jeusi, kama bundi aliyenuniwa na mkewe. Kazi yangu hapa kiwandani ni kutazama povu. Likikaribia mdomo wa tangi nagonga bomba kwa spana, na wale wa chumba cha mitambo, juu ghorofani, wanafunga mvuke. Sasa Bwana Waya, fundi wetu wa kompyuta, shingo ndefu na maneno marefu zaidi, ameiweka picha ya tangi kwenye skrini yao ya juu, ule ukurasa wenye vitufe vya kufungia mvuke. Eti picha ni mubashara. Nikamuuliza mubashara ndiyo nini. Akasema ni kinachotokea sasa hivi. Kwani macho yangu mimi yanaonyesha ya juzi? Sikumwambia. Niliiambia ndoo.

Ijumaa ni majaribio. Kamera ikifaulu, tangini hapahitajiki mtu.

Jumanne, 4 Machi

Shangazi, ninayeishi kwake, kasema niende tu kwa msimamizi nimwambie nataka kubaki. Rahisi kwake, yeye hata kuku wa jirani anawagombeza. Mimi nikisimama mbele ya msimamizi ulimi unahama nyumba.

Nimepeleka chai juu, nipate kuchungulia. Kwenye skrini kuna mtu kainama kando ya tangi anafunga kamba ya kiatu. Kichwa kibaya, kama kiazi cha mwisho gengeni. Kumbe ni mimi! Lakini kamba nilishaifunga kabla ya kupanda ngazi. Bwana Waya akasema mtandao unajivuta kidogo, atarekebisha. Mubashara gani huo wa kutembelea mkongojo.

Jumatano, 5 Machi

Nimewaza mpaka masikio yamepata moto. Picha inachelewa. Basi mtu akifanya jambo upesi akaondoka, picha ikifika itakuta hayupo. Bwana Waya kasoma mpaka kavaa miwani, na hili hajaliona.

Mpango: Ijumaa napaka sabuni jicho la kamera, nakimbia juu, nasimama nyuma ya msimamizi mikono nimeikunja. Skrini inaingia ukungu. Kamera imeshindwa yenyewe, na mimi nilikuwa mbele yao.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepaka. Nimekimbia. Nimefika juu skrini bado safi, tangi peke yake, msimamizi anasifia, Bwana Waya kavimba kama chura. Nikasubiri ukungu.

Akaja kijana. Ana ndoo. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akatabasamu peke yake, akasogea mpaka meno yakajaa skrini. Ndipo ukungu ukaingia.

Msimamizi akaniangalia, akaangalia skrini, akaniangalia tena. Akauliza kama nina pacha. Nikasema ndiyo. Akasema vizuri sana, kesho tuje wote wawili, mmoja aoshe kamera na mwingine abebe magunia, na tangini asimwone hata mmoja wetu kasimama na spana. Bwana Waya alicheka mpaka miwani ikatumbukia kwenye chai. Laiti ingezama kabisa.

Jumamosi, 8 Machi

Spana yangu wameining'iniza ukutani. Pacha hakuja, kwa hiyo nabeba magunia na kuosha kamera mwenyewe.

Nimetafuta kosa liko wapi. Shangazi kasema liko juu ya shingo. Hapana. Kosa ni viatu. Haya mabuti ya mpira yalinikawiza pale tangini, ndiyo maana picha ikanidaka. Mtu mwepesi isingemdaka. Bwana Waya na kusoma kwake kote hawezi kujua mambo ya mabuti.

Leo niko pekupeku. Kamera nimeiosha vizuri kama nilivyoagizwa, na wakati wa kuifuta nimeigeuza, inatazama ukuta. Nimekaa hapa chini yake juu ya gunia, naandika. Sasa lazima niondoke. Inabidi nifike juu, nisimame nyuma ya msimamizi, kabla picha haijafika.